TGF-β1 na VEGF kwenye figo iliyopandikizwa: vinapima kukataliwa, au vinapima kovu?

Mtafiti_Figo aliuliza:

Wakuu, habari za kazi. Naandaa itifaki ya utafiti kuhusu vichocheo vya ukuaji kwa watu waliopandikizwa figo, na kabla haijaenda kwenye kamati ya maadili naomba muikosoe bila huruma.

Wazo lenyewe ni hili. Mgonjwa ambaye kreatinini imepanda bila sababu iliyo wazi anapimwa TGF-β1 (kichocheo cha kovu) na VEGF (kichocheo cha mishipa) kwenye seramu na kwenye mkojo, kisha majibu yanalinganishwa na biopsi iliyosomwa kwa vigezo vya Banff (mfumo wa kimataifa wa kusoma biopsi za figo iliyopandikizwa). Natafuta kipimo kitakachotenganisha kukataliwa kwa seli T, kukataliwa kwa kingamwili, na madhara ya takrolimasi au siklosporini (dawa za kukandamiza kinga), ili hapo baadaye tupunguze kuwachoma watu sindano ya biopsi.

Mambo manne yananitatiza. Kwanza, machapisho yanapingana kuhusu TGF-β1: mengine yanasema inapanda wakati wa kukataliwa, mengine hayaoni tofauti, mengine yanaisifu kuwa ndiyo inayotuliza kinga. Pili, sampuli: seramu, plazima au mkojo, na ihifadhiwe vipi? Tatu, kwenye kipande cha figo, nipake rangi ya kingamwili au nipime RNA? Kwa RNA nimepanga kutumia B2M (beta-2 mikroglobulini) kama jeni ya kulinganishia. Nne, ikionekana kichocheo cha kovu kimepanda, kuna dawa ya kukigusa au tunapima tu?

---

Darubini alijibu:

Salaam daktari. Nianze na la kwanza, maana likikaa sawa mengine yananyooka.

TGF-β1 haijui kwamba figo ni ya mtu mwingine. Inachojua ni kwamba tishu imeumia. Kukataliwa kunaumiza tishu, lakini pia figo kukosa damu wakati wa upandikizaji, virusi vya BK (huvamia figo kinga ikikandamizwa), mkojo kuziba, takrolimasi iliyozidi, na maambukizi ya njia ya mkojo. Vyote hivyo vinaipandisha. Ukiitafuta kama alama ya kukataliwa utapata majibu yanayotegemea kundi ulilolilinganisha nalo, na hapo ndipo mkanganyo wa machapisho unapoanzia.

Chanzo cha pili cha mkanganyo ni kwamba wengi wanapima kiasi wakidhani wamepima utendaji. Kati ya aina tatu za TGF-β za mamalia, ya kwanza ndiyo inayotawala kwenye figo. Seli huitoa ikiwa imefungwa: imeshikwa na protini iitwayo LAP, na mara nyingi kifurushi hicho hushikizwa tena na LTBP na kuegeshwa kwenye utando wa nje ya seli. Ikiwa hapo haifanyi chochote. Hufunguliwa na integrini αvβ6 ya seli za mirija iliyoumia, na thrombospondini-1, na plasmini, au na radikali huru za oksijeni. Kwa hiyo figo moja inaweza kuwa na shehena kubwa iliyolala, na nyingine ikawa na kidogo ambacho chote kimeamshwa, na hiyo ya pili ndiyo itakayopata kovu haraka.

Ikishafunguliwa na kushika kipokezi chake, Smad2 na Smad3 (protini zinazobeba ishara) hupachikwa fosfati, huungana na Smad4 na kuingia kwenye kiini cha seli. Jeni za kolajeni huwaka, CTGF (kichocheo cha ukuaji wa tishu unganishi) huwaka, na PAI-1 pia. Usiidharau PAI-1: inazuia plasmini kuvunja utando uliozidi, kwa hiyo kovu linajengwa na wakati huohuo ubomoaji unasimamishwa. Smad7 ndiyo breki, na kwenye figo inayoharibika breki hiyo hudhoofika.

Sasa upande wa kinga. TGF-β ikiwa peke yake huielekeza seli T changa iwe seli dhibiti yenye Foxp3. Ikikutana na IL-6 (ishara ya inflamesheni), seli ileile huelekea Th17, ambayo ni ya mashambulizi. Panya waliozaliwa bila jeni ya TGF-β1 hufa wakiwa na wiki 3 hivi kwa inflamesheni ya viungo vingi, kwa hiyo wanaosema inatuliza kinga hawajakosea. Ila kuna jambo linalosahaulika mno: TGF-β huzifanya seli T za CD8 (zile zinazoua seli nyingine) zilizoingia kwenye figo zioteshe CD103, integrini inayoshika E-kadherini kwenye seli za mirija. Hivyo ndivyo seli hizo zinavyong'ang'ania ndani ya ukuta wa mrija, na ndicho tunachokihesabu kama alama ya t ya Banff (seli ndani ya kuta za mirija). Kwenye mrija mmoja, molekuli hiyo moja inatuliza, inanasisha na inatia kovu. Itategemea ni seli gani iliyoipokea, na imekutana na nini kingine.

VEGF nayo si moja. VEGF-A hutengenezwa na podosaiti (seli za vichujio vya figo) kila siku kwa sababu endotheli (seli za ndani ya mishipa) ya glomeruli, yaani vichujio hivyo, haiishi vizuri bila hiyo, kwa hiyo kuikuta kwenye mkojo si ugonjwa. Wakati wa kukataliwa, seli za mirija, makrofaji na seli T zilizoamka huongeza yao juu yake. Ikishirikiana na interferoni-gama huisukuma endotheli kutoa CXCL10, inayoita seli T nyingine zaidi. VEGF-C ni habari tofauti: hutolewa na makrofaji na huotesha mishipa ya limfu kupitia kipokezi VEGFR-3. Mwaka 2004 kundi la Dontscho Kerjaschki huko Vienna lilionyesha mishipa mipya ya limfu ndani ya figo zilizopandikizwa, ikiwa pamoja na marundo ya limfosaiti yaliyo hai kikinga. Kama mishipa hiyo inasaidia kuondoa seli na maji, au inaendeleza mashambulizi, bado wataalamu hawajakubaliana. Kipimo cha kawaida cha VEGF kinakamata A peke yake. Ukiandika "VEGF" tu kwenye itifaki, mkaguzi makini atairudisha.

Kwenye kukataliwa kwa kingamwili mambo yanahamia kwenye mishipa. Kingamwili dhidi ya HLA (alama za utambulisho wa tishu) daraja la kwanza haihitaji komplementi (protini za damu zinazosaidia kingamwili kuua seli) ili kuleta madhara. Ikishika endotheli au misuli laini hupeleka ishara ndani ya seli, vipokezi vya kichocheo cha ukuaji FGF huongezeka juu yake, njia ya mTOR (swichi ya ukuaji wa seli) huwaka na seli huanza kugawanyika. Kichocheo kingine, PDGF, huvuta misuli laini iingie tabaka la ndani la ateri. Miezi au miaka baadaye tunaona ukuta umenenepa na tundu limesinyaa, tunaandika cv (alama ya Banff ya ateri iliyonenepa). Seramu haikuambii lolote kuhusu hilo, kwa sababu yanatendeka kwenye ukuta wa mshipa wenyewe.

Kama unataka kichocheo cha ukuaji chenye tabia inayoeleweka kwenye mkojo, ongeza EGF. Sehemu kubwa ya EGF ya mkojo hutengenezwa na figo yenyewe, kwenye mkono mnene unaopanda wa kitanzi cha Henle na kwenye mrija wa mbali. Mirija ikinyauka, EGF inashuka. Haitakuambia nani kaishambulia figo, lakini itakuambia mirija mingapi bado ina uhai, na swali hilo lina thamani yake. Tahadhari: mgonjwa ambaye figo zake za asili bado zinatoa mkojo atachanganya hesabu, hasa miezi ya mwanzo.

---

Pipeti alijibu:

Naongezea upande wa maabara, maana hapa ndipo tafiti nyingi za TGF-β1 zinapofia.

Achana na seramu. Chembe sahani zimebeba TGF-β1 nyingi kwenye chembechembe zake za alfa, na VEGF pia. Damu ikiganda kwenye chupa, zote zinamwagika humo. Unachopima kwenye seramu ni idadi ya chembe sahani na muda ambao chupa ilikaa mezani. Na angalia hatari iliyojificha: mgonjwa akitibiwa kwa ATG (kingamwili zinazoangamiza seli T), au akiwa kwenye mikofenoleti pamoja na valgansiklovira, chembe sahani zake hushuka. TGF-β1 ya seramu itashuka nazo, na mtafiti ataandika kwamba matibabu yamepunguza kichocheo cha kovu. Hakuna kovu lililopungua hapo.

Chukua plazima ya EDTA. Chupa iwekwe kwenye barafu mara moja, izungushwe kwenye sentrifuji kwa 1,000 g dakika 15 ndani ya nusu saa, plazima ihamishwe bila kugusa tabaka jeupe, kisha izungushwe tena kwa 10,000 g dakika 10 kwenye nyuzi 2 hadi 8 za selsiasi ili kuondoa chembe sahani zilizobaki. Bila mzunguko wa pili umerudi kulekule kwenye seramu. Hepari usiitumie kabisa: VEGF165 (aina ya VEGF-A), FGF-2 na HGF (vichocheo vingine vya ukuaji) zote hushikamana nayo. Kwa HGF kuna zaidi ya chupa, kwa sababu hepari aliyochomwa mgonjwa mwenyewe, kwa mfano wakati wa dialisisi, huipandisha HGF ya damu kwa saa kadhaa. Mgonjwa ambaye figo mpya haijaanza kazi na bado yuko kwenye dialisisi atakupa HGF ya juu isiyohusiana na kukataliwa.

Mkojo: chukua wa pili wa asubuhi, si ule uliolala kwenye kibofu usiku kucha. Uzungushe 2,000 g dakika 10 kwenye baridi, tupa mashapo (au yatunze kwa RNA), weka mchanganyiko wa vizuia-protiasi, gawa kwenye vichupa vidogo na uhifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu. TGF-β hupenda kunasa kwenye kioo na kwenye plastiki ya kawaida, kwa hiyo tumia polipropilini isiyonasa protini, na kwenye vimiminiko vya kuzimulia weka albumini. Fanya dipstiki siku hiyohiyo: mkojo wenye nitriti au seli nyeupe nyingi uchambuliwe kando. Na mgonjwa mwenye protini nyingi kwenye mkojo anavujisha pia TGF-β1 ya damu yake, kwa hiyo uwiano wa protini kwa kreatinini lazima uwemo kwenye uchambuzi.

Kuamsha kwa asidi: vifaa vingi vya ELISA (kipimo cha protini kwa kingamwili) vinaona TGF-β1 iliyofunguliwa tu. Sampuli ya mkojo maikrolita 100, ongeza maikrolita 20 za HCl ya 1 N, changanya, subiri dakika 10 kwenye joto la chumba, zima kwa maikrolita 20 za NaOH ya 1.2 N yenye HEPES ya 0.5 M. Hakikisha pH imerudi kati ya 7.2 na 7.6 kwa karatasi ya pH, kwenye sampuli chache za kila mkupuo. Mkojo hutofautiana mno kwa uwezo wa kumeza asidi, na pH ikibaki chini kingamwili za sahani ya ELISA hazishiki, unapata sifuri ya uongo. Kwa plazima fuata vipimo vya kifaa chako, kwa sababu inahitaji asidi nyingi zaidi kwa ujazo uleule. Pima kila sampuli mara mbili, ikiwa na asidi na bila asidi. Isiyo na asidi ni iliyofunguka yenyewe, yenye asidi ni jumla. Ile tofauti ambayo Darubini ameieleza unaipata hapo, ingawa iliyofunguka mara nyingi iko chini ya kiwango cha kifaa na utalazimika kuukoleza mkojo kwa kichujio.

Usisahau hesabu. Maikrolita 100 zimekuwa 140, kwa hiyo jibu la sahani lizidishwe kwa 1.4. Mfano: sahani imesoma pikogramu 50 kwa mililita, hivyo mkojo halisi una 70. Kreatinini ya mkojo huo ni miligramu 70 kwa desilita, yaani 0.7 kwa mililita. Gawa 70 kwa 0.7, unapata pikogramu 100 kwa kila miligramu ya kreatinini. Kama maabara yako inatoa milimoli kwa lita, zidisha kwa 0.113 upate miligramu kwa mililita: 6.2 inakuwa 0.70. Nimeona majedwali ambayo vipimo hivi viwili vimechanganywa safu moja.

Kabla ya sampuli za wagonjwa, fanya majaribio mawili ya kifaa. Ongeza kiasi unachokijua cha TGF-β1 kwenye mkojo na uone unarudishiwa asilimia 80 hadi 120. Kisha zimua sampuli yenye kiwango cha juu 1:2, 1:4, 1:8 na uone mstari unafuatana na mstari wa viwango. Usipopata hayo, usiendelee. Na kama kuna seli mtakazokuza, seramu ya ndama kwenye lishe ina TGF-β1 iliyofungwa. Asidi itaifungua, na ELISA ya binadamu itaiona. Pima lishe tupu kila mara.

Kuhusu B2M, hapana. Beta-2 mikroglobulini ni sehemu ya HLA daraja la kwanza, na interferoni-gama huipandisha. Kwenye kukataliwa itakuwa juu, na kila jeni utakayoigawa kwayo itaonekana imeshuka. GAPDH nayo hubadilika tishu ikikosa oksijeni. Tumia angalau mbili, mathalani 18S na HPRT1, na uthibitishe kwenye biopsi zako mwenyewe kwamba hazitofautiani kati ya makundi.

---

Mtafiti_Figo alijibu:

Ahsanteni sana, nimeelewa kuhusu seramu na B2M, vyote vinaondoka. Nibaki kwenye tishu: nikiwa na vipande viwili tu vya sindano, nivigawe vipi, na je, kupaka rangi TGF-β1 kuna maana yoyote kama sehemu kubwa imelala?

---

Darubini alijibu:

Utambuzi wa mgonjwa ndio unaotangulia, utafiti unachukua masalia. Banff inataka angalau glomeruli 10 na ateri 2. Glomeruli 7 na ateri 1 ni ukingoni. Angalia vipande kwa hadubini ndogo hapohapo kitandani kuthibitisha kuna gamba la figo. Kama una medula tu, RNA yako itakuwa ya medula na alama za i (seli kati ya mirija) na t hazina maana. Kipande kimoja chote kiende kwenye fomalini. Cha pili, sehemu igandishwe kwa C4d (alama ya komplementi kwenye tishu) na kingamwili nyingine, na milimita 2 hadi 3 ziingie kwenye kimiminiko cha kuhifadhi RNA mara moja, zilale usiku kwenye friji, kisha ziende kwenye baridi kali. Fahamu kwamba RNA hiyo inatoka eneo dogo, na kovu huwa na mabaka. Unaweza kuchukua milimita 2 ndani ya baka au nje yake, kwa hiyo mrudie jirani yake kwenye slaidi uandike alama ya ci (kovu kati ya mirija) na i ya eneo hilohilo kama unaweza.

Kupaka rangi TGF-β1 pekee kuna thamani ndogo. Kingamwili tofauti zinaona sura tofauti za molekuli; nyingine huonyesha iliyo ndani ya seli, nyingine iliyo kwenye utando wa nje, na watu wanalinganisha matokeo yao kana kwamba wamepima kitu kimoja. Mimi ningepaka Smad3 yenye fosfati na kuhesabu viini vya mirija vilivyoshika rangi kwa kila eneo la gamba. Hiyo ni alama ya kwamba ishara imefika. Ongeza CTGF na aktini ya misuli laini aina ya alfa kwa miofibroblasti. Fosfati hupotea upesi, kwa hiyo kipande kiingie kwenye fomalini ndani ya dakika chache, na kila mgonjwa muda uleule.

Slaidi za maikromita 3, moto wa sitreti pH 6.0 kwa dakika 20 kwenye nyuzi 95 hadi 98, peroksidi ya hidrojeni asilimia 3 kwa dakika 10. Usitumie mfumo wa avidini na biotini. Mirija ya figo ina biotini yake ya asili nyingi, na baada ya moto wa sitreti itawaka kahawia kila mahali, upate mirija "chanya" kwa wagonjwa wote. Tumia mfumo wa polima. Kila mkupuo uwe na slaidi isiyopakwa kingamwili ya kwanza.

Kuhusu makundi ya kulinganisha: watu wenye afya hawatoshi. Unahitaji waliopandikizwa wenye figo tulivu waliofanyiwa biopsi ya ratiba, kisha kukataliwa kwa seli T, kukataliwa kwa kingamwili, virusi vya BK, madhara ya dawa, na jeraha la mirija lisilo la kinga. BK usiiache. Seli ndani ya nafasi kati ya mirija na ndani ya kuta zake zinafanana kabisa na kukataliwa kwa seli T. Paka SV40 (rangi inayoonyesha virusi vya BK) kila biopsi. Na utenganishe kovu tulivu na kovu lenye seli: i-IFTA (seli ndani ya kovu) ya 2 au 3, alama ya jumla ti (seli kwenye gamba lote) ikiwa 2 au 3, na t ikiwa angalau 2, hiyo ni kukataliwa sugu kwa seli T kunakoendelea. Ule msamiati wa zamani wa "nefropathia sugu ya figo iliyopandikizwa" ulifutwa na mkutano wa Banff wa 2005 kwa sababu ulifunika magonjwa tofauti chini ya jina moja, na tafiti nyingi za TGF-β1 zilizopingana zilifanywa chini ya jina hilo.

---

Kliniki_ya_Figo alijibu:

Nichukue swali la nne.

Kichocheo cha ukuaji tunachokizuia kila siku ni IL-2, iliyoelezwa mwaka 1976 kama kichocheo cha ukuaji wa seli T. Takrolimasi na siklosporini huzuia kalsinurini, NFAT (protini inayowasha jeni ya IL-2) haiingii kwenye kiini, IL-2 haitengenezwi. Basiliksimabu hufunika kipokezi chake CD25: miligramu 20 kabla ya upasuaji na 20 siku ya 4. Hiyo ni ya kuzuia kukataliwa, si ya kutibu. Kukataliwa kukishaanza haisaidii. Sirolimasi na everolimasi huacha IL-2 itengenezwe lakini hukata ishara baada ya kipokezi, kwenye mTOR.

Hapo linakuja tatizo ambalo itifaki yako haijaligusa. Siklosporini na takrolimasi zenyewe huongeza utengenezaji wa TGF-β1, na hilo linachangia lile kovu la michirizi na ukuta wa arterioli kuwa na haialini. Kwa hiyo dozi na kiwango cha dawa kwenye damu kabla ya dozi inayofuata lazima viandikwe siku ya kila sampuli. Lakini usije ukashusha takrolimasi kwa sababu tu TGF-β1 iko juu. Kiwango kikikaa chini ya nanogramu 5 kwa mililita, uwezekano wa kuota kingamwili mpya dhidi ya mtoaji unaongezeka, na kovu litakalotokana na kingamwili hizo ni baya zaidi.

Kuizuia TGF-β yenyewe, kwa sasa hakuna dawa ya kuandika kwa ajili ya figo iliyopandikizwa. Kingamwili dhidi ya TGF-β1 ilijaribiwa kwenye ugonjwa wa figo wa kisukari na jaribio likasimamishwa mapema kwa kukosa faida. Losartani na jamii yake huzuia angiotensini II, ambayo huichochea TGF-β1, na kwa wanyama kovu hupungua. Kwa waliopandikizwa, jaribio la losartani miligramu 100 dhidi ya dawa bandia lililochapishwa 2013 halikuonyesha faida ya kuaminika kwenye upanuzi wa nafasi kati ya mirija. Naitumia kwa shinikizo la damu na kwa protini kwenye mkojo, si kwa kovu. Pima potasiamu na kreatinini baada ya wiki 1 hadi 2. Kreatinini ikipanda zaidi ya asilimia 30, tafuta ateri ya figo iliyosinyaa kabla ya kulaumu kinga.

Kinachopunguza TGF-β1 kwa uhakika ni kuondoa kilichoichokoza. Kukataliwa kwa seli T daraja la I: methilprednisoloni ya mshipa, kwa kawaida miligramu 500 kwa siku kwa siku 3, vituo vingine hadi gramu 1. Ikigoma, au ateri zikiwa zimeshambuliwa, ATG ya sungura miligramu 1.5 kwa kilo kwa siku, ukifuatilia limfosaiti na chembe sahani. Kukataliwa kwa kingamwili: kubadilisha plazima pamoja na imunoglobulini ya mshipa. BK ni kinyume chake, unapunguza dawa za kukandamiza kinga. Ndiyo maana namba ya TGF-β1 peke yake ni hatari kitandani: iko juu kwenye hali mbili zenye matibabu yanayopingana.

---

Mtafiti_Figo alijibu:

Na dawa ya kuzuia mTOR? Kama inazuia ishara za PDGF, FGF na VEGF, si ndiyo dawa ya mishipa inayonenepa?

---

Kliniki_ya_Figo alijibu:

Kinadharia inavutia, na ndani ya maabara inazuia misuli laini kugawanyika. Kwa mgonjwa, nguvu hiyohiyo ndiyo inayoleta madhara. Kidonda cha upasuaji hakifungi vizuri na limfu hukusanyika kando ya figo, kwa hiyo wiki za mwanzo wengi wetu hatuianzi. Podosaiti hupunguza VEGF yake na protini huvuja: usimhamishie mtu ambaye tayari anatoa zaidi ya miligramu 800 za protini kwa siku, au ambaye uchujaji wake uko chini ya mililita 40 kwa dakika. Ukiichanganya na siklosporini ya dozi kamili unazidisha sumu kwenye figo. Sirolimasi imezwe saa 4 baada ya siklosporini. Everolimasi kwa kiwango cha nanogramu 3 hadi 8 kwa mililita, pamoja na takrolimasi iliyopunguzwa, ni mpango uliojaribiwa vizuri.

---

Darubini alijibu:

Nakubaliana, ila niongeze: kuondoa takrolimasi kabisa na kubaki na dawa ya kuzuia mTOR kumeonekana kuambatana na kingamwili mpya za HLA. Yaani unazima ishara ndani ya misuli laini huku unaruhusu kingamwili inayoiwasha. Mwenye kingamwili dhidi ya mtoaji tayari, mimi ningemwacha kwenye takrolimasi.

Kwa itifaki yako, ningebadilisha lengo kuu. Utambuzi wa aina ya kukataliwa uachie biopsi, kingamwili za HLA, PCR ya BK, na kwa mkojo CXCL9 na CXCL10, ambazo zinafuata interferoni-gama na zinaonyesha inflamesheni vizuri kuliko kichocheo chochote cha ukuaji. EGF, TGF-β1 na CTGF zipewe swali lao: kati ya wenye kukataliwa kulikotibiwa, nani atapandisha ci kwenye biopsi ya pili? Hilo linajibika, na halipingani na biolojia.

---

Pipeti alijibu:

Kama utakwenda njia hiyo, mpangilio wa siku ya biopsi uandikwe kwenye itifaki neno kwa neno. Mkojo uchukuliwe kabla ya sindano. Baada ya sindano mkojo mara nyingi una damu, hata usipoiona kwa macho, na damu hiyo inaleta chembe sahani zenye TGF-β1 na VEGF. Damu ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya methilprednisoloni, na kabla ya kubadilisha plazima au imunoglobulini, kwa sababu zote mbili zinabadilisha protini za plazima. Andika saa ya dozi ya mwisho ya takrolimasi na saa ya damu. Ikiwa mgonjwa yuko kwenye dialisisi, damu ya utafiti itoke kabla ya kuunganishwa na mashine. Anayesoma ELISA asijue jibu la biopsi, na anayesoma biopsi asijue la ELISA. Weka sampuli za wagonjwa wa makundi yote kwenye kila sahani, pamoja na mkojo mmoja uleule wa udhibiti kwenye sahani zote. Ukiweka wenye kukataliwa kwenye sahani moja na watulivu kwenye nyingine, tofauti ya sahani itajifanya tofauti ya ugonjwa na hutaweza kuiondoa baadaye kwa takwimu.